Awuor wa Ukara

Mzee Ogutu alizikwa kwao Rorya siku ya Jumamosi, saa nane mchana, na binti yake wa kwanza hakuwepo. Hakuwepo kwa sababu hakujua. Hakujua kwa sababu tangazo la redio halikumtaja. Halikumtaja kwa sababu Okumu, mume wa mdogo wake, ndiye aliyetumwa kulipeleka tangazo redioni, na kabla ya kulifikisha alilipunguza.

Huo ndio mkasa wenyewe. Hakuna mchawi ndani yake wala adui.

Binti huyo, Awuor, alifika Pasiansi, mjini Mwanza, siku ya kumi baada ya mazishi. Alikuwa ametoka Rorya kuangalia kaburi, na kabla ya Rorya alitoka kisiwani Ukara, alikoolewa miaka kumi na tisa iliyopita. Ndala yake ya kushoto ilikuwa imefungwa kwa uzi wa nyavu. Hakupiga hodi. Alisimama uani akamtazama mdogo wake Truphosa, aliyekuwa barazani akipunguza kiuno cha suruali ya mtumba kwa cherehani.

"Malizia hiyo," alisema. "Nangoja."

Truphosa aliacha suruali ikining'inia kwenye sindano, akanyanyuka kumkumbatia. Awuor alirudi nyuma hatua moja.

"Dada, jamani. Pole."

"Pole ya nini? Aliyezika ni wewe. Mimi nimekuta saruji. Imeshakauka na kuku wanatembea juu yake. Mumeo yuko wapi?"

Okumu alikuwa chumbani, anasoma. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minane, mwenye mtoto mmoja, na alisoma jioni katika chuo cha uandishi wa habari mjini, tangu alipopunguzwa kazini kiwandani mwaka jana. Alisikia kila neno. Alifikiria kutokea dirishani, lakini dirisha lilikuwa na nondo. Alitoka barazani na kalamu ikiwa bado imechomekwa sikioni. Baadaye, kila alipokumbuka siku ile, kalamu hiyo ndiyo iliyomwaibisha kuliko vyote.

"Shikamoo, shemeji."

Awuor hakuitikia. Salamu ilibaki hewani, na majirani wawili waliokuwa wanaanua nguo wakasahau kuanua.

"Shemeji, wewe ni mwandishi."

"Bado. Nasomea."

"Ndugu yetu Collins anasema alikuandikia majina ya ndugu wote kwenye karatasi. Mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Niliandikwaje?"

"Awuor wa Ukara."

"Hayo ni maneno mangapi?"

Okumu alilamba midomo. "Matatu."

"Redioni neno moja wanatoza kiasi gani?"

"Mia na hamsini."

"Piga hesabu basi. Msomi ni wewe."

"Mia nne na hamsini, shemeji."

"Haifiki kilo ya sukari," alisema Awuor, akiwaambia wale majirani zaidi kuliko yeye.

Okumu alijaribu kujitetea. Alisema hakumfuta mtu, aliweka maneno yanayowakusanya wote: ndugu, jamaa na marafiki wote popote walipo. Alisema alidhani angesikia jina la baba yake.

"Nisikie kwa redio gani? Mimi redio sina. Redio ni ya Ngosha mwenye duka. Saa ya matangazo ya vifo Ngosha anapima mafuta ya taa, anagombana na wenye madeni, kelele tupu. Jina la marehemu halisikii. Marehemu wa Rorya anamjulia wapi? Yeye anatega sikio kwa neno moja tu, Ukara. Akilisikia anafoka, nyamazeni! Ndipo anasikiliza aliyeitwa ni nani, anafunga duka, anakuja mpaka mlangoni kwako. Kisiwa kizima tunaishi hivyo." Alipumua. "Huyo Popote Walipo wako hakuna mtu kwetu anayeitwa hivyo."

Jirani mmoja alicheka, akajiziba mdomo.

"Nani alikuambia, dada?" aliuliza Truphosa.

"Mnunuzi wa dagaa. Siku ya sita. Ananipa pole, namuuliza ya nini." Awuor aliinama akaichomoa ile suruali kwenye sindano, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya stuli. "Cherehani hii ni ya nani?"

Wote walijua. Awuor aliinunua kwa fedha ya sangara wake mwenyewe, akamwazima mdogo wake siku kiwanda kilipomtoa Okumu. Barabarani mkokoteni ulikuwa unangoja. Alikuwa amekuja nao kabisa.

Walipoibeba, Okumu ndiye aliyeshika upande wa miguu, maana mwenye mkokoteni alikuwa peke yake na cherehani ya kukanyaga ni nzito. Aliisaidia kuondoka nyumbani kwake.

*

Ilikuwa hivi. Mzee Ogutu alifariki hospitalini Mwanza siku ya Jumatano. Collins, mtoto wake wa kiume, alikaa nje ya wodi akaandika tangazo kwenye karatasi ya daftari, akampa Okumu pamoja na shilingi elfu tisa. Maneno yalikuwa sitini. Zaidi ya nusu yalikuwa majina ya watu na mahali: fulani wa Tarime, fulani wa Buswelu, fulani wa Kisumu, Awuor wa Ukara. Collins mwenyewe alikwenda kutafuta pikapu ya kubebea maiti.

Jioni ile Okumu alikuwa na kipindi. Mwalimu wao, Mzee Abeid, alikuwa amefanya kazi magazetini tangu enzi nchi ilipokuwa na magazeti mawili tu, na sasa magazeti yalipokuwa yanazaliwa kila wiki, alifundisha watu wa kuyajaza. Alikuwa na kalamu nyekundu na neno moja: kata. "Neno lisilofanya kazi halina tofauti na mfanyakazi asiyefanya kazi," alikuwa akisema. "Lipunguzwe." Darasa lilicheka, Okumu naye alicheka, ingawa yeye alikuwa amepunguzwa kweli.

Wakati wa mapumziko aliitoa karatasi ya Collins. Hakuwa na nia mbaya. Aliona maneno sitini, na mkono ukawasha. Akakata hapa, akaunga pale, mpaka akabaki na haya:

Mzee Ogutu wa Rorya amefariki Mwanza. Mazishi Jumamosi nyumbani kwake. Ndugu, jamaa na marafiki wote popote walipo waarifiwe.

Maneno kumi na manane. Alimwonyesha mwalimu. Mzee Abeid alisoma, akampa pole ya msiba, kisha akasema mbele ya watu wote, "Mnaona? Hii ndiyo kazi. Nani, nini, wapi, lini. Hakuna mafuta." Katika miezi kumi na moja ya chuo, ile ilikuwa sifa ya kwanza Okumu kupewa.

Redioni alilipa elfu mbili na mia saba. Zilibaki elfu sita na mia tatu.

Lazima isemwe zilikwenda wapi. Ndani ya daftari lake la nukuu Okumu alikuwa na bahasha ya ada ya mtihani, shilingi elfu ishirini na tano, mwisho wa kulipa Ijumaa ya mwisho ya Mei. Ndani yake zilikuwa elfu kumi na nane. Kwenye jalada la daftari hilohilo alikuwa ameandika mipango yake: cheti mwezi wa sita, uwakilishi wa gazeti kabla ya mwaka kwisha, kitabu kabla ya kufika miaka arobaini na mitano. Mhariri wa gazeti jipya la wiki alikuwa ameshamwambia, "Lete cheti, nikupe kitambulisho." Basi Okumu alilitia lile salio kwenye bahasha. Alijiambia kwamba atamweleza Collins msiba ukipoa.

*

Cherehani ilipoondoka, Truphosa alikaa kwenye stuli pale ilipokuwa imesimama. Sakafu ilikuwa na alama nne za miguu yake.

"Baba Kevin, sikuulizi kwa nini ulikata. Wewe na kukata kwenu huko chuoni mnajua wenyewe. Nakuuliza salio."

"Salio gani?"

"Usinifanye mimi mjinga. Collins alikupa elfu tisa. Maneno yakipungua, hela inabaki. Iko wapi?"

Okumu alikwenda chumbani akaleta bahasha. Truphosa hakuihesabu. Aliipima mkononi tu, kama anayepima nyanya.

"Kwa hiyo wakati natafuta kanga ya kumfunika baba yangu, wewe ulikuwa unalipia mtihani."

"Niliazima."

"Uliazima kwa nani? Marehemu alikuitikia?"

Okumu alitazama zile alama nne sakafuni. Alikuwa na maneno mengi kichwani, na yote hayakufaa.

"Sikiliza," alisema Truphosa. "Mimi sikukuzuia kusoma. Watu walinicheka: mumeo mzima na ndevu anakwenda shule na watoto. Niliwaambia nendeni zenu, huyu atakuja kuandika, mtaona. Nimekanyaga cherehani mwaka mzima kwa sababu hiyo. Sasa mwandishi wangu kitu cha kwanza alichoandika kikasomwa nchi nzima ni hiki. Kimemtoa dada yangu kwenye ukoo."

"Nitakirekebisha."

"Kwa kitu gani? Kwa kalamu?"

"Ndiyo," alisema Okumu. "Kwa kalamu."

Hakulala chumbani kwa siku tatu, na hakuna aliyemwambia asilale. Mchana alibeba matofali Buswelu kwa watu waliokuwa wanajenga, jioni alikwenda chuo. Suruali za wateja Truphosa alizimalizia kwa sindano ya mkono, tatu kwa siku badala ya kumi na tano, na wateja wakaanza kwenda kwingine.

*

Desturi ni kwamba msiba ukishapita, familia hutoa tangazo la shukrani: kwa madaktari, kwa wachungaji, kwa majirani, kwa wote waliofika. Familia ya Mzee Ogutu ilikuwa haijatoa. Okumu alipiga simu ya posta kwa Collins, akamwambia kila kitu, salio likiwemo. Sarafu ikaisha. Okumu akatia nyingine.

"Shemeji," alisema Collins, "ungeniomba ningekupa."

"Najua."

"Hiyo ndiyo inayoniuma. Na sasa unataka nini?"

"Tangazo la shukrani niandike mimi. Nitalipa mwenyewe. Nitakusomea kabla sijalipeleka."

"Na majina?"

"Yote. Hata yule wa Kisumu."

"Yule wa Kisumu alikufa," alisema Collins, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea. "Nilimwandika kwa mazoea. Huyo mtoe."

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya mwisho wa kulipa ada ya mtihani, Okumu alisimama kwenye dirisha la matangazo. Ndani alikaa mama mmoja mnene mwenye miwani, Odeta, ambaye huhesabu maneno kwa ncha ya kalamu huku midomo ikicheza. Alihesabu hadi katikati, akasimama.

"Kaka, hili ni la shukrani au la mahakamani?"

"La shukrani."

"Shukrani ina kuomba radhi wapi? Sikiliza hapa." Akasoma kwa sauti, na watu waliokuwa nyuma kwenye foleni wakasogea. "'Mimi Okumu, mkwe wa marehemu, naomba radhi kwa Awuor wa Ukara, binti wa kwanza wa marehemu, kwa kuliondoa jina lake katika tangazo la msiba, hivyo hakumzika baba yake.' Baba, haya mambo mnamaliza nyumbani."

"Hayakuharibikia nyumbani, mama. Yaliharibikia hapa dirishani kwako. Niliyaleta mimi."

Odeta alimtazama juu ya miwani. "Ndiye wewe uliyeleta lile fupi? Nilikuuliza siku ile, hutaji mtu? Ukaniambia uandishi wa kisasa."

Nyuma mtu aligongagonga ukuta kwa vidole. Okumu aliona masikio yake yanapata moto.

"Ndiye mimi."

"Haya. Tisini na manne. Elfu kumi na nne na mia moja." Kalamu yake ikarudi juu ya karatasi, sasa kwa upole kidogo. "Nikusaidie. Hapa 'wa Ukara' umesema mara mbili. Nikitoa moja unaokoa mia tatu."

"Hapo usiguse."

"Mia tatu ni nauli ya kurudi nyumbani."

"Nitatembea. Hapo usiguse, mama, nakuomba."

Alifungua bahasha akahesabu. Kisha alikwenda posta akamtumia Collins elfu sita na mia tatu zake. Halafu akatembea mpaka Pasiansi, kwa sababu alikuwa amesema atatembea.

*

Ijumaa Mzee Abeid alipita na orodha ya mtihani. Alipofika kwa Okumu aliinua kalamu nyekundu.

"Okumu, wewe bado."

"Silipi, mwalimu. Mwaka huu sifanyi."

Alimweleza nje, kwenye ngazi, kwa kifupi. Mzee Abeid alisikiliza huku akifuta miwani kwa ncha ya kanzu, na alipomaliza kufuta akaendelea kufuta.

"Lile tangazo nililisifia mimi."

"Niliandika mimi."

"Nilisema nani, nini, wapi, lini." Alivaa miwani. "Miaka thelathini naandika na kufundisha hivyo. Sijawahi kumuuliza mwanafunzi anamwambia nani." Akatoa mkono mfukoni, mtupu. "Ningekuwa nayo ningekulipia. Mshahara wa hapa unaujua. Mtihani mwingine ni Juni ya mwakani."

"Nitafanya huo."

"Na yule mhariri?"

"Nitamwendea hivyohivyo bila cheti. Akinifukuza, nitarudi wiki inayofuata. Mimi nimefanya kazi kiwandani miaka kumi na minne, mwalimu. Kusimama nimezoea."

Alimwendea Jumatatu. Mhariri alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba mwenye tai, akamweka kwenye benchi kwa muda wa saa tatu, kisha akamwambia kwamba bila cheti hawezi kumpa kitambulisho. Okumu alimwachia kurasa nne juu ya meza: jinsi habari za vifo zinavyovuka maji hadi kwa watu wasio na redio. Jumatatu iliyofuata alikwenda tena. Mhariri alikuwa hajasoma. Jumatatu ya tatu alikuwa amesoma, akasema ni ndefu, majina yamezidi.

"Ukikata kingine chochote sawa," alisema Okumu. "Majina yabaki."

"Mzee, wewe unataka kazi au unanipa masharti?"

"Vyote viwili, bosi."

Kijana alicheka licha ya kutotaka. Alizitia zile kurasa kwenye droo. Hakusema atazichapa, wala hakuzirudisha.

*

Tangazo lilikuwa limesomwa Ijumaa ileile ya orodha ya mtihani, na likarudiwa Jumamosi. Truphosa alilisikilizia kwa jirani, yule aliyecheka. Msomaji alisoma majina yote bila kukosea. Alipofika kwenye radhi alisita kidogo, kama mtu aliyekanyaga shimo, kisha akaendelea mpaka mwisho. Truphosa alirudi nyumbani akamkuta Okumu amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Umesikika," alisema. Kisha akamtupia shuka lake, lililokuwa sebuleni. "Rudisha mahali pake."

Wiki mbili baadaye mtu wasiyemjua alipiga hodi, mwanamume mfupi mwenye kofia ya mkeka, na begani amebeba kitu kilichofungwa kwa gunia. Alisema yeye ndiye Ngosha, mwenye duka, amekuja mjini kuchukua bidhaa.

"Ndiwe Okumu? Nikuone vizuri. Siku ile nilikuwa nampimia mtu mafuta, redio ikasema Ukara. Nikafoka. Duka zima kimya. Nikasikia yote. Nikafunga, nikaenda kwa Awuor, kufika naye alishasikia, watu kumi walinitangulia." Alishusha mzigo. "Amesema nikupe mkononi. Hakusema kingine."

Walifungua gunia. Ilikuwa cherehani, kichwa chake tu. Meza na miguu ya kukanyagia havikuwepo.

"Sasa nitashonaje na kichwa?" aliuliza Truphosa.

"Hilo nilimuuliza," alisema Ngosha. "Akasema miguu iko kwake. Mumeo aje aifuate mwenyewe, na akija waende yeye na Awuor mpaka Rorya, akaoneshwe kaburi na aliyekosa mazishi."

Okumu alikwenda mwezi wa saba, akasimama pale kaburini na shemeji yake, na Awuor akamwitikia marahaba. Awuor alisema na sentensi mbili zaidi, lakini alimwomba asiziandike, na hajaziandika.

Aliporudi alifungua ukurasa mpya kwenye daftari lake. Kwenye jalada alikuwa ameshaongeza tu mwaka mmoja kwenye tarehe ya cheti. Kitabu alikiacha palepale, kabla ya arobaini na mitano. Ndani akaandika, kwa mkono wa mtu aliyekuwa karani wa stoo kiwandani na anayejua kufunga hesabu:

Tangazo la pili, shilingi elfu kumi na nne na mia moja. Za Collins, elfu sita na mia tatu. Nauli ya Ukara na Rorya, kwenda na kurudi, elfu kumi na moja. Cherehani kusimama, siku sitini na tatu. Wateja waliokwenda kwingine na hawakurudi, tisa. Mtihani, mwaka mmoja.

Maneno yaliyookolewa, matatu. Shilingi mia nne na hamsini.

Awuor: mazishi ya baba yake.